Datsun 240Z: kufufua suspensheni ya nyuma, kuikaza, au kuweka koilova?

Mwenye Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan, anayetaka kushughulikia suspensheni ya nyuma ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuirudisha ilivyotoka kiwandani kwa bushi mpya za mpira, katriji mpya za shokapu na springi za ugumu uleule. Anaweza kuikaza kiasi kwa springi fupi na ngumu zaidi, bushi za poliyurethani, na pengine stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiegemee sana). Au anaweza kukata strati (nguzo ya kila gurudumu yenye shokapu na springi), akaweka koilova (springi nyembamba juu ya bomba lenye nyuzi za kurekebisha kimo) na mikono ya chini inayorekebishwa. Wauzaji wa vipuri huzipanga njia hizi kama ngazi, kana kwamba ya tatu lazima iwe bora kuliko ya pili, na ya pili kuliko ya kwanza. Sisi tunazipima kwanza kwa kitu kimoja, kabla ya bei na kabla ya sura ya gari: gurudumu linaweza kupanda milimita ngapi kabla ya kugonga mwisho, na kushuka milimita ngapi kabla ya kuachana na barabara.

Kipimo hicho kinalihusu gari hili hasa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, nao Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews. Magari yale hayakushushwa. Yalikimbia yakiwa yamesimama juu, na magurudumu yake yalikuwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Anayeendesha 240Z leo kwenye barabara yenye matuta na mashimo anahitaji nafasi hiyohiyo, hata kama hakimbizani na mtu.

Kilichopo chini ya gari

Nyuma ya 240Z kila gurudumu linajitegemea. Strati inasimama wima ikiwa na springi juu yake, na kichwa chake kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu zinazofikiwa kutoka ndani, eneo la mizigo. Kitako cha strati kimebeba habu na beringi. Chini yake kuna mkono mpana wenye bushi mbili upande wa ndani na mbili upande wa nje, na pini moja ndefu inapita kwenye bushi za nje na kwenye kitako cha strati. Hafu shafti, zinazopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumu, zina krosi (viungo vinavyokunjika) mbili kila moja, na katikati zina meno yanayoteleza ili ziweze kurefuka na kufupika gurudumu linapopanda na kushuka. Difu imening'inizwa kwenye bodi: mbele kwa maunti ya mpira, nyuma kwa bapa la chuma linalovuka gari, ambalo ncha zake mbili nazo zina bushi.

Kiwandani hapakuwekwa mahali pa kurekebisha kemba ya nyuma, yaani jinsi tairi linavyolala kuelekea ndani au nje. Wala hakuna pa kurekebisha mwelekeo wa matairi. Chochote kinachobadilisha kimo cha gari kinabadilisha kemba, na huna bolti ya kuirudisha.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuagiza: magari ya mwanzo, hadi katikati ya 1971, yana difu iliyokaa mbele zaidi kwa 35 mm, hivyo hafu shafti zake zinakwenda kwa pembe. Bapa la nyuma la difu katika magari hayo limenyooka, na katika ya baadaye limepinda. Tazama lako kabla ya kununua bushi au maunti, kwa sababu umri ulioandikwa kwenye kadi ya gari haukuhakikishii ni difu gani iko chini.

Tafuta kwanza kilichochakaa

Malalamiko mengi kuhusu nyuma ya 240Z yanatokana na mpira uliokufa. Gari la miaka hamsini lenye bushi zake za kwanza litayumba, litagonga na litakula tairi, na ukilivalisha koilova za bei kubwa litaendelea kuyumba na kugonga.

Ukisikia mlio mmoja mzito wa kugonga unapoachia klachi au unapokanyaga mafuta ghafla, anza na maunti ya mbele ya difu. Gari linapovuta, pua ya difu hunyanyuka, na mpira ulioungana na chuma hupasuka. Juu ya pua kuna mkanda wa kuizuia isipande zaidi, na mara nyingi mlio unaosikika ni pua ikifika kwenye mkanda huo. Weka gari juu ya stendi, chomeka mtaimbo chini ya pua ya difu, inyanyue. Ikipanda bila kipingamizi huku nusu mbili za maunti zikiachana, umepata jibu.

Kelele ndogo ya kugongagonga kwenye mashimo madogo huwa ni katriji iliyolegea ndani ya bomba la strati, au bushi za mkono. Bana mtaimbo kati ya mkono na bodi karibu na kila bushi ya ndani, sukuma huku unatazama. Mkono usogee kidogo tu na urudi wenyewe. Ukibaki ulipousukuma, mpira umeachana na chuma. Kisha shika tairi juu na chini, litikise. Mchezo hapo unaweza kuwa beringi ya habu, na hiyo haitibiwi na springi yoyote. Zungusha pia hafu shafti kwa mkono huku na huku, kwa kuwa krosi iliyokwisha inatoa mlio unaofanana sana na wa difu.

Usinunue springi kabla ya hatua hii. Kama tatizo ni maunti ya difu peke yake, utakuwa umemaliza kazi kwa kipuri kimoja na alasiri moja.

Hesabu inayotenganisha njia tatu

Gari zima lina uzito wa karibu kilo 1,044. Ukitoa uzito wa magurudumu, breki na mikono, kila springi ya nyuma inabeba takriban kilo 220 gari likiwa na dereva. Springi ya kiwandani ina ugumu wa karibu kilo 1.8 kwa kila milimita. Kwa sababu strati imesimama karibu na gurudumu, springi inasogea karibu sawa na gurudumu lenyewe, hivyo hesabu ni rahisi. Tumechukua mfano wa ugumu wa aina nne.

| Ugumu wa springi (kg/mm) | Inabonyea kiasi gani chini ya kilo 220 | Bodi inacheza mara ngapi kwa sekunde |
|---|---|---|
| 1.8 (kiwandani) | 122 mm | 1.4 |
| 2.7 (springi fupi ya barabarani) | 81 mm | 1.75 |
| 4.0 (koilova laini) | 55 mm | 2.1 |
| 6.0 (koilova ya mashindano) | 37 mm | 2.6 |

Safu ya katikati ndiyo ya kukaa nayo. Inasema mambo mawili kwa mpigo. La kwanza: gari likipigwa na tuta kiasi kwamba uzito juu ya springi unakuwa maradufu, springi itabonyea zaidi kwa milimita zilezile. Springi ya kiwandani itahitaji 122 mm ambazo haina, kwa hiyo itagonga mpira wa mwisho, yaani ule unaozuia strati isigonge chuma. Springi ya 4.0 inahitaji 55 tu. Hapa ugumu unasaidia, na ndiyo maana gari lililoshushwa lazima likazwe.

La pili ni kinyume chake. Gurudumu likiingia shimoni, springi ya 6.0 inaisha kusukuma baada ya 37 mm. Kuanzia hapo tairi linaning'inia hewani na nyuma ya gari haina mshiko, hata kama shokapu bado ina nafasi ya kunyooka. Springi ya kiwandani ingekuwa bado inalikandamiza tairi chini. Kwenye lami laini ya uwanja wa mashindano tofauti hiyo haionekani. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi inaonekana kila mita.

Njia ya kwanza: kuirudisha ya kiwandani

Vipuri ni bushi nane za mikono ya chini (nne kila upande), bushi za bapa la difu, maunti ya mbele ya difu, katriji mbili, mipira ya vichwa vya strati, mipira ya kuzuia mwisho, na springi mbili kama za zamani zimelala. Pima springi kwa kulinganisha kimo cha gari kushoto na kulia, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, tangi likiwa nusu. Tofauti ya zaidi ya sentimita moja inatosha kukutilia shaka.

Kama bushi ni nzima na unabadilisha katriji tu, usiguse ile pini ndefu. Fungua hozi ya breki na uizibe, achia kebo ya hendibreki, fungua bolti nne za flenji ya nje ya hafu shafti, kisha nati tatu za juu. Strati itaegemea nje ikiwa bado imeshikwa na mkono, na utapata nafasi ya kufanya kazi. Bana springi kwa vibano viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, ukikaza kimoja zamu kidogo halafu kingine. Usifungue nati ya juu hadi uone springi imelegea kutoka kwenye kiti chake. Springi hii ni ndefu na ikichomoka inaua.

Nati kubwa inayofunika bomba hugandana na tope kwa miaka. Safisha nyuzi zake kwa brashi ya waya kabla ya kuifungua. Strati za mwanzo zilikuwa za oili isiyo na katriji, kwa hiyo zamu ya kwanza utamwaga oili chafu na kutoa shokapu vipande vipande. Osha bomba hadi chini. Ingiza katriji mpya, mimina oili kidogo kuizunguka ili joto lihame kwenda kwenye bomba, lakini acha sentimita tatu au nne tupu juu kwa sababu oili hupanuka. Kaza nati kubwa, halafu jaribu kuitikisa katriji. Nati ikifika mwisho wa nyuzi kabla ya kuikandamiza, weka pete ya chuma chini ya katriji ya unene unaokosekana. Hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya "shokapu mpya zinazogonga".

Bushi zikiwa zimekwisha, pini lazima itoke, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Pini imefungwa katikati na kabari ndogo yenye nati, iliyoko kwenye kitako cha strati. Fungua nati ya kabari, igonge kwa nyundo laini itoke kabisa, kabla ya kujaribu kingine chochote. Pini yenyewe imekaa ndani ya chuma kwa miongo na kutu imeigandisha. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mfululizo, pande zote mbili na kwenye tundu la kabari. Usiigonge kwa nyundo ncha yake ikiwa wazi: nyuzi hupanuka kichwani, na baada ya hapo haitapita kwenye tundu hata ikilegea.

Ikikataa, kata pini kwa msumeno katika ule mwanya kati ya mkono na kitako cha strati, pande zote mbili. Mkono utatoka, nawe utabaki na kipande kifupi ndani ya kitako ambacho unakipeleka kwenye presi ya tani 20, kwanza ukitia moto kitako sawasawa. Kabla ya moto, toa beringi na grisi yote. Pini mpya zinauzwa. Agiza mbili tangu mwanzo pamoja na kabari zake, kwa maana kuokoa pini ya zamani ni bahati. Wakati wa kurudisha, paka grisi pini nzima, na hakikisha mkato wake umetazamana na tundu la kabari kabla ya kukaza nati za pembeni.

Bushi za mpira zina sharti moja linalosahaulika gereji nyingi. Mpira umeungana na chuma cha ndani na cha nje, na unapokaza bolti unaufungia pembe uliyonayo wakati huo. Ukikaza mikono ikiwa imening'inia, gari likishuka chini mpira utakuwa umejikunja muda wote, utanyanyua kimo cha gari na utapasuka mapema. Kaza kwa mkono tu, shusha gari likae juu ya magurudumu yake, lisukumesukume, ndipo ukaze kabisa.

Matokeo ya njia hii ni gari tulivu lenye nafasi nzuri ya kupanda na kushuka, linaloegemea kiasi kwenye kona. Kwa barabara zetu nyingi hili ndilo chaguo letu, na tunalisema bila kusita.

Njia ya pili: kuikaza kiasi

Springi fupi za barabarani hushusha gari kwa takriban 20 hadi 30 mm na huwa na ugumu wa kati ya 2.3 na 3. Kila milimita uliyoshusha umeitoa kwenye nafasi ya kupanda, kwa kuwa bomba la strati halijafupishwa. Ukishusha 25 mm kwa springi ya 2.7, umepoteza 25 lakini tuta lilelile sasa linahitaji 81 mahali pa 122. Hesabu inakubali. Ukikata springi za kiwandani kwa gurainda ili ushushe 50 mm, umepoteza nafasi na ugumu haujaongezeka vya kutosha, basi gari litakaa juu ya mpira wa mwisho. Hilo usilifanye.

Katriji lazima ziendane na springi. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na katriji ya kawaida iliyokwishachoka haitaizuia, gari litadunda. Katriji za gesi za kampuni ya KYB zinatosha springi hadi karibu 2.5. Zaidi ya hapo tafuta katriji inayorekebishwa. Ukiweka springi fupi, nyanyua gari magurudumu yaning'inie kabisa na uangalie kama springi bado imebanwa kwenye viti vyake vyote viwili. Ikiwa inazunguka kwa mkono, ni fupi mno kwa strati hiyo.

Bushi za poliyurethani zinafaa kwenye mkono huu, na kuna sababu. Mkono wa 240Z unazunguka kwenye mhimili mmoja tu upande wa ndani na mmoja upande wa nje, wala haujipindi. Katika magari ambayo mkono wake husogea kwa pembe mbili kwa pamoja, poliyurethani hukwama. Hapa inazunguka vizuri. Kazi kubwa ni kutoa vikombe vya chuma vya bushi za zamani. Pitisha msumeno wa chuma ndani ya tundu, kata kikombe kwa urefu hadi ubaki ukuta mwembamba, kisha kikunje kwa patasi. Simama mara chuma kinapobadilika rangi, kwa sababu ukikata mkono wenyewe umeanzisha ufa. Tumia grisi ya silikoni inayokuja na seti, upake ndani na kwenye mashavu ya pembeni. Bushi ikilia baada ya miezi michache, ilipakwa kidogo. Poliyurethani haina sharti la kukazwa gari likiwa chini.

Kwenye difu tunashauri kiasi. Poliyurethani kwenye ncha za bapa la nyuma inavumilika. Maunti ya mbele ibaki ya mpira mzuri, au weka ya aina inayoikandamiza pua ya difu kutoka juu. Ukifunga chuma kwa chuma mbele na nyuma, mlio wa difu utajaza kabini nzima, na mitetemo itahamia kwenye bodi.

Stabilaiza ya nyuma ya 19 mm inapunguza kuegemea bila kugusa kimo. Ina gharama yake: inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la upande mmoja linahisiwa pande zote, na gurudumu la ndani ya kona hupoteza mshiko mapema. Gari lisilo na difu ya kuzuia kuteleza litazungusha tairi hilo bure. Weka ya mbele iliyo nene kwanza, endesha, ndipo uamue kama ya nyuma inahitajika.

Kuhusu kemba: ukishusha 25 mm, matairi ya nyuma yatalala ndani zaidi, na huna pa kurekebisha. Zipo bushi za poliyurethani zenye tundu lililohamishwa pembeni zinazokuwezesha kusogeza kidogo, lakini hupenda kuzunguka zenyewe na kupoteza kipimo. Ikiwa kemba yako inazidi nyuzi 2 kuelekea ndani na tairi linakwisha upande mmoja, basi njia ya pili imefika mwisho wake kwa gari lako.

Njia ya tatu: koilova na mikono inayorekebishwa

Faida zake ni za kweli. Unaweka kimo kila kona kivyake. Springi nyembamba ya kipenyo cha ndani cha 63.5 mm inaacha nafasi ya tairi pana, mahali ambapo kiti kikubwa cha springi ya kiwandani hukaribia kugusa tairi. Ukifupisha bomba la strati unarudisha nafasi ya kupanda uliyopoteza kwa kushusha. Hakuna njia nyingine inayoweza kushusha 50 mm kwa haki.

Kuna namna tatu za kuziweka. Ya kwanza unakata kiti cha zamani, unachomelea pete kwenye bomba na kuvika bomba la nyuzi juu yake, huku urefu wa strati na katriji vikibaki vilevile. Hii inafaa anayetaka kurekebisha kimo bila kushuka sana. Ya pili unakata kipande cha bomba, kwa kawaida 40 hadi 50 mm, unaliunganisha upya na kutumia katriji fupi. Ya tatu, inayokuja kwenye seti nyingi, unakata bomba lote karibu na kitako na kuchomelea kishikio kipya.

Namna ya pili na ya tatu zinategemea mchomeleaji. Bomba likipinda hata kidogo, fimbo ya shokapu itasugua upande mmoja na sili itavuja ndani ya muda mfupi. Lifunge kwenye pembe ya chuma iliyonyooka kabla ya kuweka tone la kwanza, choma vipande vifupi kwa kupokezana pande, na uache lipoe lenyewe bila maji. Toa beringi, sili na grisi kwenye habu. Waya wa ardhi wa mashine uufunge kwenye bomba lenyewe, kwa kuwa umeme ukipita kwenye beringi unachimba vishimo kwenye njia ya gololi. Osha oili yote ndani ya bomba, maana mvuke wake ndani ya bomba lililozibwa hulipuka. Vipimo vya kushoto na kulia visitofautiane zaidi ya milimita moja.

Chagua springi mwenyewe badala ya kuchukua inayokuja na seti. Kwa gari la barabarani 3.5 hadi 4 nyuma inatosha. Seti zenye 6 au 8 zilitengenezwa kwa lami ya mashindano, na jedwali limeshaonyesha zinafanya nini shimoni.

Mikono inayorekebishwa inakupa kemba na mwelekeo. Kurefusha ncha mbili za ndani kwa kiasi sawa kunasukuma chini ya tairi nje, na tairi linalala ndani zaidi. Kuzifupisha kunalisimamisha. Ukitofautisha ncha ya mbele na ya nyuma unabadilisha mwelekeo. Kwa barabara anza na kemba ya nyuzi 1 hadi 1.5 kuelekea ndani, na matairi ya nyuma yaelekee ndani kwa jumla ya 2 mm. Viungo vya gololi vya mikono hii havina mpira, kwa hiyo kila kokoto litasikika, na vumbi ndilo adui yake. Nunua vifuniko vya mpira pamoja navyo, na uvikague kila unapobadilisha oili ya injini.

Kosa linaloharibu difu katika njia hii ni kusahau hafu shafti. Ukifupisha mkono ili kusimamisha tairi, umeisogeza habu karibu na difu, na meno yanayoteleza yanaweza kufika mwisho. Yakifika, hafu shafti inasukuma beringi za difu na za habu kila gurudumu linapopanda. Kabla ya kuweka springi, funga kila kitu bila springi, panua na bana strati kwa jeki, na upime nafasi iliyobaki kwenye meno katika hali tatu: gurudumu likining'inia, likiwa kwenye kimo cha kawaida, na likiwa limebanwa hadi mpira wa mwisho. Zungusha gurudumu kwa mkono katika kila hali. Likikwama mahali, krosi imefika mwisho wa pembe yake.

Watu huunganisha njia hii na difu ya R200 (difu kubwa zaidi ya Nissan) na hafu shafti za CV (zenye viungo vya gololi badala ya krosi). Hizo ni za injini yenye nguvu zaidi, na 240Z yenye injini yake ya lita 2.4 haizihitaji ili ikae vizuri barabarani.

Kuchagua

Gari la safari na matembezi, linalopita matuta na vumbi, linataka njia ya kwanza. Ongeza stabilaiza nene ya mbele kama kuegemea kunakukera. Wanaopandisha gari kwa springi ndefu wakumbuke kuwa kila milimita ya kupandisha inatoka kwenye nafasi ya kushuka: ukipandisha 30 mm, gurudumu lina 30 pungufu za kufuata shimo, na pembe ya hafu shafti imekuwa kali.

Gari la mjini na barabara kuu ya lami, na mwenyewe anapenda kona, linakubali njia ya pili likishushwa 25 mm bila kuzidi. Ya tatu ni ya mwenye tairi pana au anayeingia uwanjani, aliye na mchomeleaji wa kuaminika na mahali pa kufanyia alaimenti ya nyuma inayopima kweli kweli. Pasipo alaimenti hiyo, mikono inayorekebishwa ni bolti nyingi za kulegea.

Ukiwa bado huna hakika, funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi chini ikae juu ya nati kubwa, endesha njia zako za kila siku kwa wiki nzima, kisha pima imebaki umbali gani kutoka kwenye mpira wa mwisho. Ikiwa imegusa mpira kwa springi ulizonazo, usishushe hata milimita moja kabla ya kukaza. Ikiwa imebaki 40 mm au zaidi, una nafasi ya kucheza nayo. Baada ya kazi yoyote kati ya hizi, rudia kukaza nati za pini, za vichwa vya strati na bolti za hafu shafti ukishatembea kilomita 500, na urudie tena kipimo cha kamba.